Baada ya Tarehe Kumi na Mbili

Lifti ilikuwa imekufa tena, na watu kama hamsini walikuwa wamejazana pale chini ya jengo, kila mmoja akitazama saa yake kana kwamba saa ndiyo itakayompandisha. Ilikuwa saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Wengine walimlaani mwenye jengo, wengine walipiga simu kuwaambia mabosi wao kwamba wameshafika, ilhali hawajafika.

Mbele ya wote alisimama dada mmoja mwenye sketi ya kijivu, blauzi ya njano iliyonyooshwa kwa pasi, na viatu vya visigino ambavyo havikununuliwa kwa ajili ya ngazi za ghorofa tisa. Alikuwa karani wa mahudhurio katika kampuni ya ulinzi na usafi, na kule juu wenzake walimwita Bi Tarehe. Jina lilimkaa vizuri, ila hakulipenda.

Kazi yake ilikuwa kupokea orodha kutoka vituo kumi na vinne, nani kaingia saa ngapi, nani katoka saa ngapi, siku gani, kisha kuzipanga kwenye jedwali la kompyuta ili zitoke saa za kila mtu. Kwa maneno ni rahisi. Lakini wasimamizi wa vituo waliandika walivyojisikia. Mmoja aliandika saa mbili asubuhi kama 2:00, kompyuta ikaamini mfagiaji ameingia kazini wakati hata jogoo hajawika. Mwingine alitenganisha tarehe kwa nukta, mwingine kwa mkwaju, kile kistari cha mshazari, mwingine aliandika "juzi". Mlinzi wa zamu ya usiku aliyeingia jioni na kutoka asubuhi alipata saa za kazi chini ya sifuri, na kisanduku kikajaa alama kama vipande vya reli. Juu ya meza yake alikuwa amebandika karatasi yenye herufi kubwa: ANDIKA MWEZI KWA MANENO. Hakuna aliyeitii.

Basi asubuhi ile hakuwa na subira ya kugawa. Alimwinamia fundi aliyechuchumaa kwenye mlango wa lifti, ovaroli ya bluu, mikono imejaa grisi, tochi imebanwa kwa meno.

"Fundi, hii lifti ilikaguliwa lini mara ya mwisho?"

Fundi alitoa tochi mdomoni. "Imeandikwa pale kwenye kadi, dada yangu."

"Nimeisoma. Sifuri tano, mkwaju, sifuri nane. Ni tarehe tano mwezi wa nane, au tarehe nane mwezi wa tano?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Aliyeandika."

"Na nani aliyeandika?"

"Mimi."

Watu wakacheka. Bi Tarehe hakucheka. "Haya, wewe ulimaanisha nini?"

Fundi alikuna kichwa kwa kifundo cha mkono, maana vidole vilikuwa vichafu. "Ulivyoniuliza hivyo kwa ukali, hata mimi nimeanza kuwa na wasiwasi."

"Andika mwezi kwa maneno, kaka. Watu wanapanda humu na roho zao." Akavua viatu, akavishika mkononi, akaanza ngazi. Fundi alimsindikiza kwa macho hadi ghorofa ya pili, kisha akajigonga kichwa kwenye mlango.

Wiki iliyofuata lifti ilikuwa nzima, na ndani yake kulikuwa na kadi mpya. Bi Tarehe alisoma: *Imekaguliwa Jumatatu, tarehe kumi na tisa, mwezi wa Oktoba, kwa amri ya dada wa viatu mkononi. Kwa hitilafu yoyote, au kwa salamu tu, piga namba hii.* Alicheka kutoka chini mpaka ghorofa ya tisa, bosi wake akimtazama. Saa sita mchana akapiga.

"Nina hitilafu," alisema.

"Ya wapi?"

"Kadi yako imenichekesha mbele ya bosi wangu, ananiona sina akili."

"Hiyo si hitilafu, hiyo ni dalili. Nije nikague?"

Ndivyo walivyoanza. Fundi alikuwa mrefu, mpole, mwenye cheko la kifuani. Alipovua ovaroli na kuvaa shati jeupe alionekana mtu mwingine kabisa, isipokuwa kucha. Bi Tarehe aligundua kwamba anapokuwa naye bega linashuka, lile bega ambalo kazini hukaa karibu na sikio. Alimpenda, na alimwambia.

Lakini kulikuwa na sharti.

"Tarehe moja mpaka kumi na mbili nafunga mahudhurio ya mwezi," alimweleza. "Usinipigie, usinitumie ujumbe, usinikumbuke."

"Kukumbuka nako unakataza?"

"Kumbuka kimya kimya."

Kwa hiyo siku zao zote zilikuwa baada ya tarehe kumi na mbili. Fundi naye alihudumia majengo zaidi ya ishirini, na ndani ya mashimo ya lifti simu haishiki. Basi kila mwisho wa mwezi Bi Tarehe alimtumia ujumbe wenye orodha ya siku za kuonana mwezi unaofuata, na fundi, ambaye simu yake ilikuwa kuukuu na imejaa, aliinakili orodha kwenye kompyuta yake kisha akafuta ujumbe. Alikuwa ametengeneza jedwali na kulipa jina *Siku Zetu*. Na kwa kuwa mpenzi wake alikuwa mtu wa miezi kwa maneno, aliiamuru safu nzima ya tarehe ionyeshe mwezi kwa maneno. Kompyuta aliinunua kwa mtu, ikiwa imetumika, na hakuwahi kugusa mipangilio yake.

"Yaani naiambia iandike Novemba, inakataa," alimlalamikia siku moja wakiwa kwenye benchi la bustani, wanagombania karanga. "Inaziacha namba vilevile ulivyotuma."

"Kompyuta yako ina kiburi kama mwenyewe."

"Nikuletee uione?"

"Mpenzi, natazama tarehe mwezi mzima. Jumapili nataka kukutazama wewe."

Hapo ndipo msimuliaji anatamani kumshika mtu mabega na kumtikisa. Mwanamke ambaye angeweza kuona tatizo lile kwa jicho moja, tena la kushoto, alipewa nafasi ya kuliona akachagua karanga.

Mwezi wa pili Bi Tarehe alifanya jambo aliloliogopa. Alimwambia baba yake.

Baba yake alikuwa mstaafu wa shirika la reli, msimamizi wa stesheni kwa miaka thelathini, mtu ambaye chai yake ilichemka kwa saa ya ukutani. Miaka mitatu nyuma Bi Tarehe alikuwa na mwanamume mwingine, aliyeahidi kuja kujitambulisha, akakumbushwa mara tatu, na hakuja. Mzee alikaa barazani na koti lake jeusi la heshima mpaka giza lilipoingia. Bi Tarehe hakulia kwa sababu ya yule mwanamume. Alilia kwa sababu ya lile koti.

"Nitampokea mwingine mmoja tu," Mzee alimjibu sasa, polepole. "Mmoja. Naye asipofika, sitavaa tena koti kwa ajili ya mtu asiyenijua. Utaolewa ukitaka, wewe ni mtu mzima. Lakini mimi usiniite."

Kwa Bi Tarehe, kuolewa bila baba yake kulikuwa sawa na kutoolewa. Akampigia fundi.

"Baba amekubali kukuona. Siku nakutumia pamoja na nyingine."

"Niambie ukweli, anapiga?"

"Anatazama saa. Ni mbaya zaidi."

Usiku wa mwisho wa Februari, amechoka, macho yanawasha, akaandika haraka haraka: *06/03 saa kumi, kwa baba. 13/03 saa tisa. 20/03 saa tisa. 27/03 saa nane.* Kwa namba. Yeye! Mzee alichagua tarehe sita kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, na ilikuwa mara ya kwanza siku yao kuangukia kabla ya kumi na mbili. Fundi alinakili, akabandika, akafuta ujumbe, akapiga simu akiwa na furaha ya mtoto.

"Nimeiona siku ya baba! Nitashonesha suti. Muda upo."

"Suti ya nini? Njoo na shati safi na kucha safi."

"Kucha nitazianza leo."

Bi Tarehe alicheka, wakaagana, na kesho yake ilikuwa tarehe moja, mwanzo wa kimya. Bi Tarehe alikuwa ameapa moyoni kutomkumbusha. Yule wa kwanza alikumbushwa mara tatu. Mtu anayetaka atakumbuka mwenyewe. Kiapo cha kijinga, lakini kilikuwa chake.

Jumamosi ile nyumba ilidekiwa mara mbili. Kitambaa cheupe kilitandikwa mezani. Shangazi alikuja na gauni la kijani linalong'aa na maswali kumi na tano. Mzee alitoka chumbani na koti jeusi, vifungo vyote vimefungwa, akaketi barazani akitazama geti.

Ikawa saa kumi. Ikawa kumi na nusu. Bi Tarehe alienda uani akapiga simu, mteja hapatikani. Akapiga tena. Ikawa saa kumi na moja. Alipopiga mara ya nne, Shangazi alikuwa nyuma yake.

"Huyu naye?" Shangazi aliuliza.

Bi Tarehe alimpita. Aliporudi ndani alimkuta baba yake anatundika koti kwenye msumari. Alilipangusa vumbi begani na kulifunika kwa mfuko wa nailoni.

Saa moja jioni simu ikaita. Ilikuwa sauti ya fundi, imejaa jua.

"Habari ya jioni, mpenzi wangu wa tarehe zote!"

"Uko wapi?"

"Ndiyo natoka shimoni. Jumamosi majengo matupu, tunafanya kazi vizuri. Nimeona umenipigia mara nne, nikasema leo nimekumbukwa kwa sauti. Umekula?"

"Unaniuliza kama nimekula?"

"Sauti yako ya mtu mwenye njaa."

Bi Tarehe alishika ukuta. "Leo tarehe ngapi?"

"Sita. Najua, najua, haijafika kumi na mbili, lakini wewe ndiye uliyeanza kupiga."

"Kwa hiyo unajua kwamba leo ni tarehe sita."

"Najua, mama."

"Na huna la kusema."

"Ninalo. Nakupenda, na hiyo kumi na tatu naiona mbali."

Akakata. Akaifungia namba yake, kisha akakaa sakafuni jikoni kati ya sahani safi.

Tarehe kumi na tatu fundi alisubiri kwenye benchi mpaka karanga zikaisha. Jumatatu akamvizia kwenye mlango wa ngazi, maana lifti alikuwa hapandi tena.

"Nimekukosea nini?"

"Kama hujui, basi umenikosea mara mbili."

"Ni ile simu ya tarehe sita?"

"Ndiyo! Ile simu!"

"Simu moja tu?"

"Ulitaka ziwe ngapi?" Machozi yalimjaa, naye hakutaka yaonekane. "Usinisemeshe tena. Nakuomba."

Fundi aliamini ameachwa kwa kupiga simu kipindi cha kufunga mahudhurio. Alifikiri ni sababu ndogo sana, lakini alimjua mwenye sababu. Bi Tarehe aliamini amechezewa na mtu aliyejua tarehe vizuri na hakujali. Swali moja, "kwa nini hukuja?", lingemaliza yote, ila aliyetakiwa kuliuliza alikuwa na hasira, na hasira yake ilipanda ngazi ghorofa tisa kila asubuhi, ikashuka kila jioni, Machi, Aprili, Mei, ikavunja jozi mbili za visigino.

Kule karakana, fundi alikuwa na suti ya rangi ya kahawa imetundikwa kabatini. Mwenzake wa zamu alimshangaa.

"Umeachwa, bwana. Unaenda kwa baba mkwe wa nani?"

"Ile siku hajaifuta."

"Hajaifuta kwa sababu hakukumbuki!"

"Mimi nilialikwa na mzee wa watu. Aniache yeye, sawa. Lakini mzee atakaa ananisubiri. Siwezi."

Alhamisi, tarehe tatu Juni, Mzee alikuwa barazani na fulana, anakaza skrubu ya redio, mlango wa geti ulipogongwa. Saa ya ukutani ndiyo kwanza inagonga kumi.

Alisimama kijana mrefu, suti ya kahawa, kucha safi kabisa, mfuko wa matunda mkononi, jasho usoni.

"Shikamoo, Mzee. Mimi ni yule fundi lifti. Nimekuja kama nilivyoalikwa."

"Marahaba." Mzee alimtazama kutoka viatu mpaka nywele. "Ulialikwa lini?"

"Leo, saa kumi. Nilishangaa kidogo kuwa ni siku ya kazi, ila nikasema Mzee amestaafu, kwake kila siku Jumamosi. Najua mimi na binti yako hatuko sawa. Sijaja kuomba kitu. Nimekuja ili usikae unanisubiri bure."

Mzee aliitazama saa, akamtazama kijana, akaitazama saa tena. Kwa miaka thelathini alikuwa amesikiliza visingizio vya waliochelewa, na uso huu haukuwa na kisingizio hata kimoja. "Keti," alisema, akachukua simu.

"Baba, leo tarehe tatu!" Bi Tarehe aling'aka upande wa pili. "Vituo vitano havijaleta orodha, hapa kuna mtu ameandika aliingia kazini tarehe thelathini na mbili..."

"Njoo nyumbani."

"Unaumwa?"

"Mzima. Kuna mtu kavaa suti, anasema umemwalika leo saa kumi. Hajachelewa hata dakika."

Kwa mara ya kwanza tangu Machi hakuwa na subira ya ngazi. Ndani ya lifti kadi ilikuwa mbele ya macho yake: *Imekaguliwa Jumatatu, tarehe kumi na saba, mwezi wa Mei. Bado naandika kwa maneno.* Alitazama pembeni, akazitazama namba za ghorofa zikishuka. Akaikasirikia kadi.

Aliingia nyumbani kwao kama askari.

"Wewe! Umekuja kufanya nini? Miezi mitatu! Unamfanya baba yangu mtoto?"

Fundi alisimama. "Miezi mitatu nini?"

"Ulijua ni tarehe sita. Ulinitamkia kwa mdomo wako, tarehe sita!"

"Tarehe sita nilikupigia simu kabla ya kumi na mbili, hilo kosa nalijua. Siku ya baba ni leo."

"Leo kivipi?"

"Ratiba ni yako, mama, siyo yangu." Akatoa mfukoni karatasi aliyoichapisha, imekunjwa mara nne, imelainika kwa kufunguliwa. "Nimeibeba tangu Machi. Soma."

Bi Tarehe aliikwapua. Alitaka kusoma ili amtupie. Jicho lake likashika safu ya tarehe, na midomo ikabaki wazi.

13/03. 20/03. 27/03. Zote zimeegemea kushoto, kwa namba. Juu yao mstari mmoja tu umeegemea kulia, na mwezi umeandikwa kwa maneno vizuri kabisa: *3 Juni, saa kumi, kwa baba.*

Akakaa. Hakuchagua kiti, alikaa palipokuwa karibu, juu ya sanduku la redio.

"Kompyuta yako," alisema kwa sauti ndogo, "inaanza na mwezi."

"Inaanza nini?"

"Mimi nikiandika sita mkwaju tatu, nasema tarehe sita mwezi wa tatu. Yenyewe inasoma mwezi wa sita, tarehe tatu. Imeielewa, ndiyo maana ikaisogeza kulia ikakuwekea Juni. Hizi nyingine imetafuta mwezi wa kumi na tatu, wa ishirini, haikuona, ikaziacha kama maandishi tu. Ndiyo maana zilikuwa zinakataa. Siku zetu zote zilikuwa baada ya kumi na mbili. Zote zilikataa. Hii moja ilikubali."

"Kwa hiyo siku ya baba..."

"Ilikuwa Machi. Tulikupikia. Shangazi alikuja na gauni lake."

Fundi aliufunika uso kwa viganja. "Na mimi nikakuuliza kama umekula."

"Ukaniuliza kama nimekula!" Alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio katikati, akampiga na karatasi begani, mara moja, mara mbili. "Uliniambia inakataa! Kwenye benchi uliniambia! Kazi yangu ni hii, ninaifanya kila mwezi kwa vituo kumi na vinne, ninagombana na dunia nzima iandike mwezi kwa maneno, halafu wewe peke yako ndiye uliyenisikia, na wewe ndiye niliyekutumia kwa namba. Nisamehe. Jamani, nisamehe."

"Nisamehe na mimi. Ningeuliza."

"Ulikuja," alisema. "Nilikufukuza, na bado ulikuja."

Hapo ndipo wote wawili walipokumbuka kuna Mzee. Kiti chake kilikuwa kitupu. Moyo wa Bi Tarehe ukazama, maana alilikumbuka neno lake: mmoja tu, naye asipofika, basi.

Ndani, mfuko wa nailoni ulichakarika. Mzee akatoka polepole, amevaa lile koti jeusi juu ya fulana, anafunga vifungo kimoja kimoja. Alikuwa amepitia kwenye kalenda ya ukutani.

"Umechelewa siku themanini na tisa," alimwambia fundi. "Lakini kwa saa, hujachelewa."

"Baba, ulisema mmoja tu..."

"Nilisema. Huyu ndiye yule mmoja. Treni ikichelewa haibadilishi namba yake." Akaketi, akanyoosha mgongo. "Haya, mgeni. Sema kilichokuleta."

Fundi alimeza mate. "Nataka kumwoa binti yako, Mzee."

"Binti, unasemaje?"

"Nasema ndiyo, Baba. Nilisema zamani."

"Basi tuweke siku."

"Siku yoyote, Mzee," fundi alisema haraka, "ila iwe baada ya tarehe kumi na mbili."

"Hapana," alisema Bi Tarehe. Alikuwa amefuta macho na kuikunjua ile karatasi juu ya goti. "Iwe tarehe sita. Mahudhurio yao watafunga wenyewe." Akampa kalamu.

Fundi alipiga magoti kando ya sanduku la redio, akaandika polepole chini ya siku zao zote, mwezi kwa maneno, mwaka kwa maneno, saa kwa maneno, na jina la siku pia. Bi Tarehe alimsimamia mpaka nukta ya mwisho, kisha akaisoma tena tangu mwanzo.